Kioo Kitupu

Kitinda alikufa siku ya kumi na tisa ya matibabu, na figo aliyopewa na kaka yake haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa nzima. Ilichuja damu mpaka asubuhi ile mapafu yalipokwama. Kilichomuua ni dawa kali za kuuzuia mwili usiikatae figo, wakati mwili haukuwa umeikataa. Habari kwamba umeikataa ilitoka kwenye kipande cha nyama kilichowaka kijani chini ya darubini, na aliyekitia rangi kipande hicho ni kaka yake mwenyewe.

Kaka huyo kazini walimwita Kisu. Si kwa ukorofi, maana alikuwa mtu wa maneno machache na viatu vya raba, bali kwa mashine aliyoishika. Ni friza yenye kifuniko cha kioo na wembe mrefu ndani. Unaweka nyama, inaganda, unazungusha mpini, na wembe unatoa vipande vyembamba kuliko ngozi ya ndani ya kitunguu. Kisu aliingia hospitali kama mfagiaji. Shule aliiacha mapema, baba alipofariki na nyumba ikahitaji mtu wa kuleta chakula. Miaka mingi alifagia chini ya mashine ile huku akiitazama, mpaka mkataji wa zamani alipostaafu. Mkuu wa maabara, mama mmoja mwenye miwani ya kuning'inia kifuani kwa kamba, akamkuta mfagiaji anabadilisha wembe bila kufundishwa na mtu.

"Weka fagio," akamwambia. "Kaa hapa."

Mama huyo walimwita Mama Kanuni, naye alijua na hakujali. Ndiye aliyemfundisha Kisu kutia rangi vipande vya figo za watu waliopandikizwa, na alimfundisha kwa lugha ambayo mtu asiye na vyeti angeielewa.

"Mwili ukikataa figo ya mtu," alisema, "unaacha alama kwenye vijishipa vya damu. Kama nyayo za mwizi. Kwa macho huzioni. Sasa, hii chupa ya kwanza ina kingamwili. Hii ni mpelelezi. Ukiimwaga juu ya kipande inakwenda kuishika ile alama, na haishiki kitu kingine. Tatizo, mpelelezi haonekani. Amevaa kiraia."

"Sasa tutamwonaje?"

"Ndiyo maana kuna chupa ya pili. Huyu mbeba taa. Ana kazi moja tu duniani, amtafute mpelelezi alipo, amrukie mgongoni, awashe taa ya kijani. Ukiona kijani, mpelelezi yupo. Mpelelezi akiwapo, alama ipo. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Hujaelewa. Mbeba taa akiwa mlevi je? Akimrukia yeyote anayemkuta njiani?"

Kisu alifikiri. "Taa itawaka vilevile."

"Itawaka vilevile! Na wewe utapiga kelele mwizi kapatikana, kumbe umeshika mpita njia anayekwenda zake sokoni. Kwa hiyo kila mgonjwa unakata kipande cha ziada. Hicho hukipelekei mpelelezi. Unakipelekea mbeba taa peke yake. Kinatakiwa kiwe giza. Giza totoro. Kikiwaka, vioo vyote vya mgonjwa yule ni uongo. Unatupa, unaanza upya, na unakuja kuniamsha hata kama nimelala kaburini."

Kioo hicho cha ziada walikiita kioo kitupu. Kwenye fomu ya majibu kilikuwa na mstari wake na visanduku vitatu: giza, kimewaka, hakikufanyika. Kwa miaka tisa Kisu alitia alama kwenye kisanduku cha kwanza. Hakuwahi kukiona kioo kitupu kikiwaka hata mara moja. Mbwa asiyebweka miaka tisa, mwisho mwenye nyumba husahau kama ana mbwa.

Kitinda alikuwa mdogo wake wa mwisho, kitinda mimba, na jina likamganda mpaka utu uzima. Katikati yao walizaliwa wengine wawili, hawakukaa. Kisu alimzidi miaka kumi na mitatu. Alimbeba mgongoni, alimnunulia daftari, alimpeleka kujifunza ufundi wa sofa. Kitinda akawa fundi hasa, wa kukaa na sponji mapajani na misumari mdomoni huku anaimba. Halafu akapata mwanamke, na mwanamke huyo alikuwa na mtoto wa ndoa iliyovunjika. Kisu akasema mbele ya watu, siku ya mazungumzo ya posa, kwamba mdogo wake, fundi mzima, anakwenda kuchukua sofa lililokwisha kukaliwa.

Watu wengine walicheka. Kitinda hakucheka. Alioa bila kaka yake kuwapo, na kwa miaka sita hawakupeana hata salamu. Mama yao alikuwa akipika sufuria moja na kuwapakulia kwa zamu, huyu akiondoka ndipo yule aje, kama ofisi ya pasipoti.

Kisha figo za Kitinda zikafa, zote mbili. Kisu alisikia kwa mama. Alikwenda kupimwa, akaambiwa damu zinaelewana, akavaa shati jeupe akaenda kwa mdogo wake. Njiani alifanya mazoezi ya maneno mengi ya kuomba radhi. Mlango ulifunguliwa na yule mwanamke aliyemtukana, na maneno yote yakamtoka kichwani.

"Nimeleta figo," akasema.

Yule mwanamke alimtazama mikononi, kama anayetafuta mfuko. Halafu midomo ikamcheza, akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Ingia," akasema. "Ingia ukae, shemeji." Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kumfikia.

Wakapandikiza. Ukoo uliokuwa umegawana pande mbili ukakaa kwenye benchi moja la hospitali, na mjomba mmoja mcheshi akasema ndiyo hayo, ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana shika kapu ukavune. Kitinda alipozinduka alitafuta uso wa kaka yake kitanda cha pili.

"Kaka."

"Naam."

"Wewe si ndiye usiyependa vitu vilivyotumika? Leo umenipa figo ya mtumba."

"Nyamaza, utafumuka nyuzi."

"Spea yenyewe ya gari la zamani. Ikigoma nakurudishia."

Haikugoma. Miezi mitatu Kitinda alikunywa vidonge vyake kwa saa, akanenepa mashavu, akarudi kwenye sofa zake. Alilalamika kwamba figo ile imezoea kwenda kazini alfajiri na yeye ni mtu wa saa tatu. Kisha miguu ikaanza kuvimba na namba za damu zikapanda. Daktari wa figo akasema inaweza kuwa moja ya mambo mawili. Ama vidonge vimezidi na vinaiunguza figo, ama mwili umeanza kuikataa. Dawa ya la kwanza ni kupunguza vidonge. Dawa ya la pili ni kuongeza, na kuongeza sana. "Sitaki kubahatisha," daktari akasema. "Nataka kipande."

Kitinda alichomwa mara tatu ndipo sindano ikatoa kitu. Akakojoa damu siku nzima. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na minne, akamlilia mama yake, na mama yake akamshika Kisu kifuani pale kwenye ukumbi.

"Wasimchome tena," akasema. "Unafanya kazi humu. Waambie wasimchome tena."

"Hawatamchoma tena, Mama."

Kipande kilishuka maabara. Kilikuwa kifupi kama kucha ya mtoto na chembamba kama uzi. Mama Kanuni alikuwa kwenye semina, wiki nzima. Angekuwapo asingekubali Kisu akiguse, maana kanuni ilikuwa kwamba mtu hashiki nyama ya ndugu yake. Ilipasa kipelekwe kwenye maabara ya hospitali nyingine, majibu baada ya siku tatu. Kisu alifikiri juu ya zile siku tatu. Alifikiri pia, na hili alilikiri baadaye bila kuulizwa, kwamba hakuna mtu wa kukata vizuri kuliko yeye.

Kulikuwa na jambo jingine. Chupa ya mbeba taa iliyozoeleka ilikwisha siku iliyotangulia. Stoo walileta nyingine, ya kiwanda kingine, kwa sababu ile ya siku zote haikupatikana. Chupa mpya hujaribiwa kwanza juu ya vipande vya zamani vinavyojulikana kuwa ni giza. Kisu aliandika tarehe kwenye kibandiko, akaifungua, akaitumia.

Siku hiyo alikuwa na wagonjwa watatu: mlinzi mmoja wa benki, msichana wa miaka kumi na saba, na mdogo wake. Wale wawili walikuwa na nyama ya kutosha, kila mmoja alimkatia kipande cha mpelelezi na kipande cha kioo kitupu. Kwa Kitinda wembe ulitoa vipande viwili vizuri. Cha tatu kikapasuka, na kilichobaki kilikuwa punje iliyoganda kwenye kishikizo cha mashine, ndogo mno, akaogopa kuipasua nayo.

Viwili. Kimoja cha mpelelezi, kimoja kitupu. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa. Kisu alivitazama pale kwenye meza, kila kimoja si kikubwa kuliko nukta ya kalamu, na akaona kwamba kukitoa kimoja kiende kuwa giza bure ni kumnyima mdogo wake. Cha kwanza kikiharibika je? Akavipelekea mpelelezi vyote viwili. Alimpa ndugu yake mara mbili ya alichowapa wengine.

Alichukua vioo akaingia chumba cha darubini, akafunga pazia jeusi. Vyote viwili viliwaka. Vijishipa vilijipanga kijani, safi, mahali pale pale ambapo alama ya kukataliwa hukaa. Mashahidi wawili, kauli moja. Kisu aliketi gizani. Akatazama vioo vya mpelelezi vya mlinzi na vya yule msichana, navyo vinawaka, akavipiga picha haraka. Vioo vitupu vya wale wawili vilikuwa tayari vimetiwa rangi, vimo kwenye trei, vinasubiri tu jicho. Hakuvitazama. Akachukua fomu tatu, akatia alama kwenye kisanduku cha kwanza mara tatu, kama alivyofanya miaka tisa. Giza. Giza. Kwenye fomu ya Kitinda kalamu ilisimama kidogo. Kisanduku cha tatu, hakikufanyika, kingerudisha fomu juu, na daktari angetaka sindano nyingine. Akatia alama kwenye kile cha kwanza.

Daktari alipiga simu dakika kumi baada ya kupokea picha. "Hii ya ndugu yako, naiona. Kioo kitupu?"

"Giza," alisema Kisu.

Walimhamishia Kitinda chumba cha peke yake, maana dawa zile zinaua ulinzi wote wa mwili, na hata mafua ya mgeni yanaweza kumwangusha. Waliingia kwa zamu wamevaa barakoa na magauni ya kijani. Siku ya kumi na nne akaanza kukohoa. Siku ya kumi na sita Kisu alikaa naye mchana, mlango umefungwa.

"Kaka, nisamehe," Kitinda akasema.

"Kwa lipi?"

"Figo yako. Nimejaribu. Mwili wangu hauna adabu."

"Acha maneno hayo."

"Nadhani nilibaki na kinyongo cha lile sofa. Kichwani kilikwisha, wallahi kilikwisha. Lakini huko ndani nadhani kilibaki mahali." Akakohoa, akangoja pumzi. "Naongea nayo kila siku. Naiambia, keti bibi, wewe ni mgeni wa heshima. Haisikii."

"Figo haina masikio, mjinga wewe."

"Inayo. Si ilikuwa yako? Ndiyo maana mbishi." Akacheka, kikohozi kikamkata. "Umenisamehe?"

Kisu alikuwa analia nyuma ya barakoa, na barakoa ilikuwa imelowa. "Nimekusamehe," akasema. "Nimekusamehe, mdogo wangu."

Siku ya kumi na tisa ukungu, wa aina ile inayoota kwenye mkate, ulikuwa umejaza mapafu yote mawili. Kwenye msiba shangazi mmoja, aliyedhani Kisu hasikii, alinong'ona kwamba chuki ya ndugu haiishi, hata figo inajua ilitoka kwa nani. Kisu alisikia, na akaona shangazi amesema kweli. Alirudi nyumbani na kovu lake la ubavuni akiamini kwamba ubaya wake mwenyewe uliingia na figo tumboni mwa mdogo wake na kumkataza kuishi.

Alirudi kazini baada ya wiki mbili. Tangu Kitinda ahamishiwe chumba cha peke yake Kisu alikuwa likizo ya kumuuguza, na muda wote ule vipande vilikuwa vikipelekwa nje, hakuna aliyegusa mashine. Sampuli ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja mwalimu, nyama nzuri, ndefu. Kisu alikata, akatia rangi kwa utaratibu wote, akaingia chumba cha giza na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akaanza na kioo kitupu, kwa sababu tu ndicho kilichokuwa juu ya trei.

Kiliwaka.

Alikitoa. Akasoma maandishi ya penseli pembeni. Akakirudisha. Vijishipa vilikuwa kijani, safi, vimejipanga vile vile.

"Mama," akaita. Akafungua pazia. "Mama, njoo."

Mama Kanuni aliinama kwenye darubini, akakaa hapo muda. "Umechanganya. Humu umempeleka mpelelezi."

"Sikumpeleka."

"Rudia. Nikiona."

Alirudia akimwona. Ilichukua saa mbili. Kiliwaka. Mama Kanuni akavaa miwani, akachukua chupa ya mbeba taa, akasoma maandishi madogo ya nyuma.

"Hii si ile yetu. Hii haijasafishwa. Inashika damu ya binadamu yeyote, mpelelezi awepo asiwepo." Akamtazama. "Mlevi huyu."

"Mlevi," Kisu akasema.

"Tarehe hii ni mwandiko wako. Umeitumia kwa wagonjwa wangapi?"

"Watatu. Kabla ya leo."

"Na vioo vyao vitupu?"

Kisu aligeuka. Alikwenda kwenye kabati, akatoa trei ya siku ile, ikiwa bado imefunikwa na karatasi ya alumini ya kuzuia mwanga, akachukua vioo viwili ambavyo hakuvitazama. Rangi ilikuwa imefifia lakini ilikuwapo. Cha mlinzi kiliwaka. Cha msichana kiliwaka.

"Na cha tatu?" Mama Kanuni akauliza, halafu akakumbuka cha tatu ni cha nani, akashika ukingo wa meza. "Kiko wapi cha tatu, baba?"

"Hakikuwapo."

"Fomu imeandikwa giza."

"Niliandika mimi."

Wangeweza kukaa kimya. Kisu alilijua hilo pale pale, amesimama na trei mkononi. Chupa ingemwagwa, na hakuna mtu duniani ambaye angefukua fomu ya marehemu. Lakini yule mlinzi na yule msichana walikuwa wodini juu, vyumba vya peke yao, na kila asubuhi walitundikiwa dripu za kuua ulinzi wa miili yao. Akachukua simu ya ukutani mwenyewe, kabla Mama Kanuni hajamwambia.

Daktari alishuka ngazi mbio. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Uliniambia giza."

"Nilikwambia giza."

"Ulikiona?"

"Sikukata."

Daktari aligeukia simu ya ukutani. Kwanza alipiga simu juu, dripu zile mbili zikaondolewa. Ndipo akakaa kwenye stuli ya maabara na kusema huku anatazama sakafu, "Damu ya ndugu yako ilionyesha vidonge vimezidi. Nilikuwa na kalamu mkononi, nipunguze. Kutoka vinne hadi viwili. Nikasema ngoja kwanza nione kioo."

"Labda ilikuwa imekataliwa kweli," Mama Kanuni akasema, kwa upole. "Bila kipande hatuwezi kujua. Tuliache hapo."

"Kipande kipo," Kisu akasema.

Ile punje ilikuwa bado imeganda kwenye kishikizo, chini kabisa ndani ya friza, kwenye mfuko wenye jina la Kitinda. Mama Kanuni aliomba mbeba taa aliyesafishwa kutoka hospitali nyingine, akaja kesho yake na dereva. Alimwambia Kisu atoke, atakata mwenyewe. Kisu akamwambia mkono wake yeye Mama umepoteza mazoezi, punje itapasuka, na akaketi kwenye mashine. Ilikuwa nyama ya mdogo wake na ilikuwa nyama yake mwenyewe, ndiyo iliyobaki juu ya ardhi. Alizungusha mpini pumzi ameibana. Kilitoka kipande kimoja, bila mkunjo.

Wakakipelekea mpelelezi, kisha mbeba taa msafi. Kando yake Mama Kanuni aliweka kipande cha mgonjwa wa zamani aliyekataa figo kweli, ili wajue dawa zinafanya kazi. Cha mgonjwa wa zamani kiliwaka kama kinavyopaswa. Cha Kitinda kilikuwa giza. Kisu alisogeza kioo huku na huko, juu, chini, pembeni, akitafuta hata uzi mmoja wa kijani. Hakuna. Figo ilikuwa imekaa kwa mdogo wake kama aliyezaliwa nayo.

Jumapili alikwenda nyumbani kwa marehemu. Mama yake alikuwapo, amekaa kwenye mkeka anachambua mabaki ya vitambaa. Mjane alikuwa kwenye cherehani, anamalizia foronya za sofa za wateja walioachwa kati. Watoto walikuwa nje.

"Karibu, shemeji," mjane akasema. "Subiri nikate uzi."

"Mama. Shemeji. Nina neno, na nikilianza naomba nilimalize."

Akalimaliza. Hakuficha chupa, hakuficha kisanduku, hakuficha vile vidonge vinne ambavyo vingekuwa viwili. Cherehani ilikuwa imenyamaza zamani. Wa kwanza kusema alikuwa mama yake, na aliuliza polepole, kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

"Kwa hiyo mwanangu hakuikataa figo yako."

"Hakuikataa, Mama."

"Akafa akidhani ameikataa."

"Ndiyo."

"Akakuomba radhi. Ulituambia mwenyewe kwenye msiba. Alikuomba radhi."

"Ndiyo, Mama."

"Nawe ukamsamehe."

"Nikamsamehe," Kisu akasema.

"Uliniahidi hawatamchoma tena," mama akasema, na akarudi kwenye vitambaa vyake, akawa anavikunja vile vile alivyokwisha kuvikunja.

"Wangemchoma," mjane akasema. Alikuwa bado ana mkasi mkononi. "Wangemchoma hata mara kumi. Angelia. Leo angekuwa hapa amekaa ananilalamikia jinsi alivyochomwa."

"Shemeji..."

"Usiniite hivyo."

"Ningeweza kunyamaza. Nimekuja kwa sababu..."

"Najua kwa nini umekuja. Umekuja ili na sisi tubebe. Haya, tumebeba. Toka, bwana."

Alisimama. Alimngoja mama yake anyanyue kichwa. Mama hakunyanyua. Akatoka, akawakuta watoto wawili uani, yule mkubwa wa ndoa ya kwanza na yule mdogo wa Kitinda, wanarukia sponji kuukuu, wakamsalimia shikamoo, naye akaitika.

Ripoti iliandikwa, na Mama Kanuni akatia saini yake chini ya ile ya Kisu, kwa kosa la kuondoka bila kuacha mtu. Mashine ikapewa mkataji mwingine. Kisu walimpeleka stoo, kupokea chupa na kuandika tarehe. Yule mlinzi alirudi getini kwake. Yule msichana aliruhusiwa siku ya tisa, na figo yake, aliyopewa na mama yake, inafanya kazi. Watu walimwambia Kisu ahesabu hao wawili. Aliwahesabu. Walikuwa wawili, na walibaki wawili, hawakupunguza kitu upande wa pili.

Upande wa pili ulikuwa hivi. Kipande kimoja cha nyama, kiasi cha nukta ya kalamu. Alama moja ya wino. Vidonge viwili kwa siku ambavyo havikupunguzwa. Siku kumi na tisa. Mtu mmoja, miaka thelathini na minne, fundi. Figo moja nzima, iliyozikwa ikiwa bado ina uhai kuliko mwili ulioibeba. Watoto wawili. Mama mmoja, ambaye yu hai na hamtazami. Msamaha mmoja, uliotolewa na mtu asiyestahili kuutoa kwa mtu asiyepaswa kuuomba. Na neno shemeji, alilokuwa nalo kwa miezi saba.